Dalali na Nyumba ya Mjane

Kwenye treni ya asubuhi, mjane aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsimulia abiria wa kando yake jinsi alivyouza nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. "Dalali alinitoza asilimia kumi, na kwa mnunuzi wa kwanza akataka kumi nyingine. Mnunuzi huyo alikuwa mwalimu, ana watoto wanne. Akashindwa. Sasa tajiri mmoja kainunua, kaifanya ghala."

Abiria akakohoa. "Mama, mimi ni dalali. Juzi nimewatembeza watu thelathini kwenye nyumba moja, mwenyewe akaja kumuuzia shemeji yake. Sikupata hata nauli."

"Pole, baba. Lakini huyo mwalimu ungemtoza?"

Hapo hata mimi niliyejifanya kusoma gazeti niliacha kujifanya. Treni ikasimama.

"Ningemtoza, mama," akasema, akimnyooshea mkono ashuke. Mama aliushika.