Wako Wangapi Dhupigaun?

Banda la chai la Dada Dilmaya liko pale barabara ya kwetu Simalchaur, milimani Nepali, inapokata kona, likitazamana na uwanja wa shule. Mbele yake kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa waya, na Jumamosi, siku yetu ya mapumziko, benchi hilo lina wenyewe. Yupo Tikaram, tunayemwita Spika: aligombea udiwani mara moja akaangushwa, lakini hotuba hazijamwisha. Yupo Harka, yaani Nusura, aliyepimwa kifua mara tatu kwenda jeshini na mara zote tatu nusura apite. Pembeni kabisa hukaa Bhimlal. Yeye tunamwita Mjumbe, na jina hilo halina utani ndani yake. Mwaka wa tetemeko, simu zikiwa zimekufa na njia imefukiwa, ndiye aliyeshuka kutoka Dhupigaun, kijiji kilichoko juu yetu mlimani. Alitembea siku mbili, akizunguka maporomoko, kutuletea habari kwamba kuna watu chini ya mawe. Helikopta ilipopanda, mkewe na bintiye walikuwa wameshakata roho. Tangu hapo hushuka kila Jumamosi, anakunywa chai na kusikiliza. Mimi ni wa nne, mshika gazeti.

Jumamosi hiyo tulikuta uwanjani maskauti kama ishirini, skafu shingoni, wanasimamisha mianzi mirefu na kuvuta waya kutoka mwanzi hadi mwanzi. Aliyewaelekeza ni mgeni wa makamo, Khagendra, fundi mstaafu kutoka mji wa Pokhara. Kwenye meza ya darasani aliweka kidude kama redio ya gari na betri ya lori.

— Ule si waya wa kuanikia nguo, alianza Spika. Wanatafuta dhahabu. Dhahabu ina mlio wake.

— Dhahabu Simalchaur? Nusura akacheka. Hata viazi vinatusumbua! Ule wa kijeshi, mzee. Wanasikiliza mpakani kule kaskazini. Mimi mambo hayo nayajua.

— Umeyajulia wapi, mlangoni kwa daktari wa kupima vifua?

— Mcheka kilema, Spika, hafi bila kumfika.

— Kilema chako kipi, kifua? Na utaona radi itakavyoifuata mianzi ile. Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba na radi wapi na wapi? nikamuuliza.

— Radi moja leo, moja kesho. Kibaba hicho.

Kule uwanjani msichana mmoja alishika kipaza sauti, akasema jina la kituo chao, akasema yuko Simalchaur, Nepali, akanyamaza. Kidude kikakoroma. Halafu ikatoka sauti ya mwanamume, nyembamba, inapanda na kushuka, lakini maneno yanasikika. Alisema yupo Sri Lanka, kando ya bahari, na kwao mvua inanyesha. Watoto wakapiga kelele za furaha.

— Uongo mtupu, Spika akasema. Huyo mtu kajificha nyuma ya choo cha shule.

Nusura akavuka barabara akaenda kuangalia. Akarudi polepole.

— Nyuma ya choo kuna mbuzi.

— Basi ni mizimu! Nyaya kama zile huita waliokufa. Babu yangu aliniambia...

— Tikaram, funga mdomo, Dada Dilmaya akasema, birika mkononi.

Ndipo Spika alipokumbuka nani kakaa pembeni. Akainamia kikombe chake. Mjumbe alikuwa anautazama ule waya.

Baada ya muda Khagendra akaja kunywa chai. Tukasogea ili apate pa kukaa, na kabla hatujamuuliza habari za Pokhara, Mjumbe akafungua kinywa.

— Kaka, kile kidude kinataka mnara wa simu?

— Hakitaki. Ni redio ya kutuma na kupokea; betri na waya, basi. Wenzetu kila mahali wanacho, wanaitana kwa kupenda tu.

— Mwaka wa tetemeko ulikuwa nacho?

Khagendra aliweka kikombe chini.

— Nilikuwa nacho, ndugu yangu. Nilikaa nacho siku nne, silali. Walinipata watu wa pande nyingi, nikapeleka habari zao kwa waokoaji. Upande huu wenu nilisikia kimya. Nikasema moyoni, basi huko wamesalimika.

— Hatukusalimika, Mjumbe akasema.

— Najua. Nilikuja kujua baadaye. Ndiyo maana nimekuja na watoto hawa.

Chai ilikuwa inachemka jikoni na Dilmaya hakwenda kuiepua.

Yule msichana akavuka barabara mbio, daftari mkononi. Anaitwa Rojina, ana miaka kumi na mitatu hivi. Akatuinamia kwa salamu, viganja pamoja.

— Wazee wangu, naomba msaada. Tunafanya mazoezi ya kutuma habari za maafa. Mwalimu Khagendra anasema tusiseme tu "njooni mtusaidie". Tuseme mahali, idadi ya watu, na wanachohitaji. Mimi nimepewa Dhupigaun.

— Umefika kwenyewe! Spika akajinyoosha. Uliza, mwanangu.

— Dhupigaun wanaishi watu wangapi?

Spika akakohoa.

— Aa... ni kijiji cha wastani.

— Wangapi, mjomba?

— Mia? Nusura akanitazama. Mia na kitu?

— Wengi wamehamia mjini, nikasema. Wengine wako ughaibuni, Katar huko. Hamsini labda.

— Kwenye daftari niandike hamsini au mia?

Dhahabu tulijua mlio wake. Mpakani tulijua nani anasikiliza. Kijiji ambacho ukiinua shingo unaona moshi wake, hatukukijua. Nikakunja gazeti.

— Kaa hapa, mwanangu, Mjumbe akasema. Andika.

Rojina akakaa. Mjumbe akafumba macho kama anayetembea, akaanza na nyumba ya chini kabisa.

— Kwa Padamlal, watu sita, na bibi mmoja hawezi kutembea, andika na hilo. Kwa mjane Thuli, wawili. Kwa fundi cherehani, watano, mtoto wa mwisho ananyonya. Kwa Darlami, wanne...

Alipanda njia nzima hivyo, mlango baada ya mlango, kidole kimoja kikigusa kingine. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Spika alikuwa amevua kofia.

— Chemchemini, kwa Nandakali, watatu. Halafu kwangu. Watatu.

Penseli ya mtoto ikaandika. Dilmaya akageuka upande wa jikoni. Khagendra alitazama chini.

Mjumbe akafumbua macho.

— Samahani, mwanangu, akasema. Kwangu futa. Andika mmoja.

Rojina akafuta, akaandika, kisha akamsomea orodha yote tangu mwanzo, polepole, apate kuhakikisha.