Simu Iliyojaa ya Mama Cherehani

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama kuna kitu jikoni, punguza moto, uje ukae. Leo tunamkumbuka fundi wa nguo tuliyezoea kumwita Mama Cherehani. Ametutoka hivi karibuni, baada ya kuugua kifua. Na huwezi kumkumbuka Mama Cherehani bila kuikumbuka simu yake ya kwanza.

Mnazikumbuka simu zile? Nzito, zenye batani za kubonyeza, na batani moja unaigonga mara tatu ndipo upate herufi moja. Tuliziweka kiunoni tukatembea tunaringa, wakati hakuna hata anayetupigia!

Mume wa Mama Cherehani alikuwa dereva wa lori. Ndiye aliyenunua simu mbili siku moja, yake na ya mkewe. Miaka michache baadaye mume akafariki safarini, ghafla. Mama Cherehani akabaki na mtoto wao mmoja wa kiume, cherehani, na simu ile.

Sasa, simu zile zilibeba meseji chache tu. Zikijaa, hakuna mpya inayoingia mpaka ufute za zamani. Kwenye kioo unaona kibahasha, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Kwa Mama Cherehani kibahasha hicho kiliwaka na kuzima miaka nenda miaka rudi. Hakufuta. Wateja aliwaambia, "Ukinitaka nipigie. Usiniandikie."

Watu hawakosi la kusema. Mara anaringa, mara hajui kusoma. Mwanawe alipopata kazi alimwandikia meseji ya furaha. Haikuingia. Kijana akanuna wiki nzima. Baadaye akaligeuza kuwa utani, tena mbele za wateja: "Mama yangu ni wa kizamani, meseji zinamkimbia." Mama naye anacheka, huku anapima kitambaa.

Aliyejua ukweli alikuwa shoga yake, muuza vifungo na nyuzi wa mlango wa pili. Namnukuu: "Zile meseji zote zilikuwa za marehemu mumewe. Zote. Aliniambia akifuta moja ili apokee ya mteja, ataona kama anamfukuza mumewe nyumbani. Akaniomba nisimwambie mtoto, asije akadhani mama yake amechanganyikiwa."

Ndipo zikaingia simu janja, hizi za kupangusa. Mwanawe akamnunulia moja nzuri, akaileta dukani mwenyewe. Akahamisha namba zote kutoka simu ya zamani. Muuza vifungo alikuwepo, akayasikia yote.

"Mama, ile ya zamani nimeshaisafisha. Fundi simu ataichukua."

"Umefuta vyote?"

"Vyote, mama! Takataka za miaka yote zile, za nini tena?"

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Akarudi kwenye cherehani, akamalizia sketi ya mteja. Muuza vifungo anasema sketi ile ilibidi ifumuliwe, mshono wote ulikwenda upande.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Cherehani aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Simu mpya aliizoea. Meseji zikaingia, akazijibu. Mwanawe akawa anatamba kwamba amemtoa mama gizani. Kila Jumapili alikwenda kumwona, wakanywa chai, wakacheka. Kuhusu meseji za baba, mama hakumwambia neno.

Kijana ameambiwa baada ya mazishi. Mimi niliposikia, roho iliniuma. Je, yeye? Ananiambia: "Nilikimbia kwa fundi simu. Akasema ile alishaivunja akauza vipuri. Basi nikamuuliza mama mdogo, yule muuza vifungo, ziliandikwa nini. Akanitazama kwa huruma. Akasema, 'Mama yako alizihifadhi zote kichwani. Alikuwa akinisomea asubuhi tukifungua maduka. Ungemuuliza, angekusomea.'"

Muuza vifungo mwenyewe anakumbuka moja tu, ya kwanza kabisa. Mume alikuwa sebuleni, mke jikoni, simu bado mpya. Mume akaandika: "Ni mimi. Jibu nione kama inafika." Na mke, kwa haraka zake, akapaza sauti kutoka jikoni: "Imefika!"

Nyingine hatuzijui. Hakuna aliyebaki anayezijua.

Tunampa pole mwanawe. Tunampa pole shoga yake wa mlango wa pili, na wote waliovaa nguo zilizotoka mikononi mwa Mama Cherehani. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Kijana hakutaka kuja studio, alisema hataweza. Ila kanituma neno kwenu, nami nalifikisha kama alivyolisema: "Waambie wasifute kabla ya kuuliza. Na kama wameshafuta, basi waulize, maadamu mtu bado yupo."