Belarmino Tafoya na Mapipa Kumi na Moja ya Jumatatu ya Pasaka

Belarmino Tafoya alizaliwa tarehe 9 Novemba 1948 kijijini Truchas, New Mexico, mtoto wa nne wa mzee Eutimio na mama Petra. Siku hiyo theluji ilifika magotini, mkunga akachelewa, mtoto akatoka mwenyewe. Yeye mwenyewe, Babu yetu, alipenda kusema hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya bila kukaguliwa.

Alimaliza sekondari Española Mei 1966. Kwenye hesabu alikuwa moto, ila ng'ombe wa baba yake hawakuwa na habari na chuo, kwa hiyo aliambulia masomo ya jioni tu. Mengine alijifundisha mezani jikoni, kwa vitabu alivyookota vikitupwa kazini.

Tarehe 12 Juni 1971 alimuoa Eloida Vigil. Siku ya kwenda kuposa aliahidi kufika saa kumi na dakika kumi. Akawahi, akakaa garini mbele ya nyumba dakika ishirini nzima, watu wote wanamchungulia dirishani. Bibi anasema alimpendea hapo hapo: "Nikajua huyu hawezi kunidanganya hata akitaka. Hajui pa kuanzia."

Kazi alianza Machi 1969, akifagia kwenye maabara ya nyuklia ya mlimani, kama nusu ya wanaume wa bonde letu. Kufikia 1984 alikuwa mpimaji wa mapipa ya taka. Kwa ambao hamjui: glavu, matambara, vyuma, chochote kilichogusana na plutoni kinafungiwa kwenye pipa, halafu mtu lazima aseme mle ndani mna gramu ngapi bila kulifungua. Mashine inapokea mionzi inayotoka, Babu anaandika, mwenzake anahakiki, wote wawili wanasaini. Pasipo saini mbili pipa haliendi popote. Likisainiwa linapanda lori mpaka kusini, kwenye mgodi wa chumvi, zaidi ya mita mia sita chini ya ardhi. Huko ndiko linakaa moja kwa moja.

Huyo mwenzake alikuwa Onésimo Lucero, baba wa ubatizo wa Delfina, binti wa Babu, ndiyo maana waliitana kompadre. Miaka kumi na tisa walikuwa mtu na pacha wake, wakitaniana kutwa nzima.

Sasa, Pasaka ya 2003. Ijumaa Kuu wote wawili walitembea kwa miguu hadi kanisa la Chimayó kuhiji, kama kila mwaka, ila mwaka huo Babu alivaa viatu vipya. Jumatatu tarehe 21 Aprili alifika kazini miguu yote malengelenge. Na kila asubuhi, kabla ya pipa la kwanza, sheria inataka mashine ijaribiwe kwa kipande kidogo ambacho gramu zake zinajulikana. Kipande kinatunzwa jengo la pili, na lazima waende watu wawili kukichukua.

"Kompadre, hebu ona unavyotembea, kama bata aliyekanyagwa," Onésimo akasema. "Andika majibu ya Alhamisi. Mashine haikwenda kuhiji, ilikuwa hapa hapa imelala."

Babu akacheka, akaandika. Siku hiyo wakapima mapipa kumi na moja.

Juni, akipitia karatasi zake, akaona mapipa yale kumi na moja yote yamesoma chini kuliko kawaida. Kifaa kimoja ndani ya mashine kilikuwa kimekufa wikiendi ile ya Pasaka. Na mapipa yalishashuka kwenye chumvi, na saini zao mbili juu yake.

Alimfuata Onésimo nyumbani kwake, akamkuta anamenya pilipili za kuchoma.

"Nimekuja kukuambia kabla sijawaambia wao."

"Kuwaambia nini? Yako chini ya jangwa, mwanamume! Nani atashuka kuyafukua? Wewe, na hayo magoti?"

"Karatasi inasema uongo, kompadre."

"Karatasi ina jina langu pia! Nina watoto watatu mezani."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwanza kwako."

"Basi hujaja kuniuliza. Umekuja kuniaga."

Kesho yake Babu alimpigia mkaguzi wa jimbo, Bi Verlene. Malori yakasimama wiki saba. Hesabu zikarudiwa, na kweli, pipa moja lilikuwa limezidi kiwango kinachoruhusiwa. Wakalitoa kwenye chumvi. Babu akarudishwa kufagia mwaka mzima. Onésimo akaambiwa akasome upya, akakataa, akaacha kazi, akaishia kuendesha lori la kokoto.

Miaka ishirini hawakuongea. Kanisa moja, benchi moja! Wakati wa kupeana amani Onésimo alimpa mkono kila mtu, akifika kwa Babu anainama kufunga kamba za kiatu. Mwanawe Arsenio alimuuliza Babu kama anajuta. Akasema: "Plutoni inachukua miaka elfu ishirini na nne kupungua nusu. Mtu atakayechimba pale hatanijua mimi wala kompadre. Ana karatasi tu." Halafu akaongeza: "Lakini yule nilimpenda." Alistaafu mwaka 2010, akiwa amerudi kwenye upimaji.

Agosti 2023 figo zilimshinda. Aliendelea kusafishwa damu mara tatu kwa wiki hadi Jumanne tarehe 6 Februari 2024, alipofariki nyumbani saa tatu asubuhi, Bibi akiwa amemshika mkono. Wiki mbili kabla alitaka asomewe wasifu huu. Ilipofika orodha ya anaowaacha akasema mmoja hayumo. "Ila muulizeni kwanza. Safari hii sitaki jina lake kwenye karatasi bila yeye kukubali."

Marisela, mjukuu wake, ndiye aliyepiga simu. Alipomweleza, Onésimo akauliza:

"Huyo mzee bado anakagua?"

"Bado, Don Onésimo."

"Mwambie aniandike." Akapenga kamasi. "Na mniweke kabla ya mbwa, mmesikia?"

Babu aliambiwa jioni ile ile. Alicheka mpaka Bibi akamkataza.

Amemwacha mkewe Eloida, watoto wake Delfina na Arsenio, wajukuu watano, dada yake Porfiria, kompadre wake Onésimo Lucero, na Chato, mbwa.

Alale kwa amani mzee wetu.