Mama Pindo na Inchi Zake Mbili

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema lolote, kama una mtoto wa shule hapo nyumbani, mwite. Asimame mlangoni. Tazama sare yake inaishia wapi, kisha tuendelee.

Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyeshona sare za shule kwa miaka arobaini na moja. Tulimwita Mama Pindo. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na minane. Fundi cherehani, nasema. Hakuwa daktari, ingawa wapo madaktari waliomvulia kofia.

Jina lilitokana na kazi. Kila sare aliiwekea pindo pana, vidole vinne, ili mtoto akirefuka lishushwe. Shule zikikaribia kufunguliwa, duka lake lilijaa watoto. Mmoja mmoja alipanda kigodani, naye Mama Pindo, pini zimejaa midomoni, anafoka: "Simama wima wewe, au nikushone pamoja na kigoda?"

Sasa, kulikuwa na binti wa miaka kumi ambaye pindo lake lilikuwa halijaguswa mwaka wa pili. Nisiwazungushe: binti huyo ni mimi. Mama yangu alijivuna kweli. "Huyu wangu anajua kutunza nguo," alisema. Mama Pindo akatoa pini midomoni. Akitoa pini, ujue pana jambo.

"Mwenzangu, hapa hakuna cha kutunza nguo. Mtoto hakui."

"Kwetu sisi ni wafupi."

"Wafupi nao hukua, dada. Na mbona ana sweta na jua lote hili? Mpeleke hospitali. Sare mpya sishoni mpaka umpeleke."

Mama alikasirika, acha tu! Alininyakua mkono tukaondoka. Wiki tatu hawakusalimiana. Hatimaye alinipeleka, nadhani ili aje amwonyeshe fundi kwamba ni mzushi.

Daktari alinitoa damu, akanipiga picha ya eksirei ya mkono. Mifupa yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. Akatueleza taratibu. Karibu na ncha za mfupa kuna sehemu laini, ya gegedu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Ujana ukiisha, sehemu ile hukauka ikawa mfupa mtupu, na urefu umefungwa. Na mfupa haukui bila kuambiwa. Huambiwa na homoni, zinazotoka kwenye tezi na kusafiri ndani ya damu. Tezi yangu ya shingoni, hapa mbele ya koo, ilikuwa haitoi homoni ya kutosha, ndiyo maana hata juani nilisikia baridi.

"Mmewahi," daktari alisema. "Mngekawia, urefu huu usingerudi."

Mama alitoka hospitalini moja kwa moja hadi kwa Mama Pindo, akalia pale pale kwenye cherehani. "Basi, basi, utanilowanishia kitambaa," akaambiwa. "Nieleze hiyo tezi." Tangu siku hiyo kila mteja alihubiriwa: "Tezi ni bosi, damu ni tarishi, mfupa ni fundi. Bosi asipotuma oda, fundi atashona nini?"

Kidonge kimoja kila asubuhi. Hata leo nimekimeza. Mwaka ule pindo langu lilishushwa mara mbili. Mara mbili, wasikilizaji! Mama Pindo alinipandisha kigodani, akaita majirani waje waone.

Mwaka jana nilimtembelea, nikachukua futi yake ya kupimia. Nikamwambia, leo zamu yako. Alikuwa amepungua inchi mbili. Alishaelezwa kliniki: mwanamke akikoma hedhi, homoni zilizolinda mifupa yake hupungua, mifupa hudhoofika, na uti wa mgongo hujikunja. Nikampima tena, nikitumaini nimekosea. Yeye akacheka.

"Unahuzunika nini? Inchi zangu najua ziliko. Si hizo umesimama nazo?"

Gauni lake la bluu lilikuwa linaburuzika chini. Nikalipandisha pindo mwenyewe. Kushona sijui, likaenda upande. Alilivaa kila siku ya kutoka.

Juzi msibani, binti yake mkubwa alilitoa kabatini. Alisema: "Mama hakuwahi kuona mshono umepinda akauacha. Huu alitukataza kuugusa."

Kwa binti zake, wajukuu na mafundi wenzake, poleni sana. Mlikuwa na mtu, nasi tunajivuna naye.

Na wewe, mtoto bado yuko mlangoni? Kama pindo halijashuka mwaka mzima, usijisifu. Mpeleke akapimwe.

Humu studioni huwa tunatangaza tumekaa. Leo kiti nimekisogeza pembeni. Kipindi chote hiki nimekiendesha nimesimama, wima, kama alivyotaka.