Kikohozi cha Silvester

Treni ilipoondoka Mpanda mwaka ule wa tisini na sita, Agustino alijifanya anamenya karanga, lakini masikio yake yalikuwa yameshahamia benchi la mbele bila tiketi. Hapo alikaa kijana Arcade, mrekodi nyimbo wa kwaya moja ya Katumba, akiziba kwa karatasi matundu ya kaseti kuukuu ili kesho zikubali kurekodiwa upya.

Mama mmoja wa Mwese, aliyeketi kando yake, akauliza zina nini.

"Mabaki tu, mama. Nyimbo zilizoharibika. Hii kuna mtu alikohoa, tukarudia."

"Nani huyo?"

"Silvester wa besi. Marehemu sasa."

"Ni mwanangu. Mazishi sikuwahi, mvua ilikata barabara. Ndiye ninayekwenda kumwekea msalaba huko Katumba. Na hiyo mliyorudia, anaimba?"

"Hapana, mama. Alikuwa kitandani. Egide ndiye aliyeimba badala yake."

Karanga ikamkwama Agustino kooni. Akajizuia asikohoe, maana kikohozi cha siku hiyo kilikuwa na mwenyewe.

"Basi niachie hii."

"Kaseti ninazo tatu tu, mama, na kwaya nzima inanisubiri. Tena humo anakosea."

"Nyie mnamtaka asiyekosea. Mimi namtaka wangu."

Mama akaichukua kaseti, akaibandua ile karatasi ya tundu polepole kwa ukucha isije ikarekodiwa tena, akaifumbata.

Treni ikasimama Katumba. Watu wakashusha magunia yao. Wale wawili walibaki wamekaa, kiganja cha Arcade kiko wazi, cha mama kimefungwa.