Koti la Baba Nililolifumua

Wazee wa kanisa, mama zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimewasikia wengine wakisimulia walivyoacha pombe. Mimi pombe sinywi. Langu ni dogo, lakini lilinitenga na watu miezi saba, na sijawahi kulisema mbele ya mtu.

Mnanijua, mimi ni fundi wa cherehani pale Rongo, varanda ya duka la Mhindi. Shuleni sikuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu alikuwa akisahau jina langu nikiwa nimesimama mbele yake. Kwenye cherehani nikawa vilevile. Kukata kitambaa ilikuwa kazi ya mwenye duka, ndani, mlango umefungwa. Sisi watatu wa nje tulipewa vipande tushone. Kaptula za shule, mwaka baada ya mwaka. Na Uhuru ulikuwa mchanga, kila karani alitaka koti, na makoti yote yalitoka Kisumu. Siku moja nikaandika kwa chaki nyuma ya mlango wangu: Kabla ya Krismasi nitakata koti mwenyewe.

Nani angenifundisha? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Koti nililokuwa nalo ni moja tu, la marehemu baba. Alishonewa Kisumu, na baada ya mazishi wazee walinipa mimi, mtoto wa kwanza. Lilikuwa bado kwenye msumari nyumbani kwa mama. Nilipoliomba, mama alifurahi, akidhani nataka kulivaa. Nikaenda nalo kwangu, nikalifumua kwa wembe mshono mmoja mmoja, nikatandaza vipande juu ya magazeti niliyopewa na mke wa Mhindi, na kuvichora.

Mama aliingia akakuta mkono wa koti huku, kola kule. Alisimama kidogo, akatoka. Tangu siku hiyo hakusema nami, na mimi sikuwa nimeoa, chakula changu kilitoka jikoni kwake. Hakikuja tena.

Habari zikafika sokoni kwamba nimemvua baba yangu nguo kaburini. Wenzangu wa varanda wakawa wanakunywa chai bila kuniita. Ndugu zangu, nawaambia, kula ugali peke yako huku unaona moshi wa jiko la mama yako ni kazi ngumu. Hata hapa niliacha kuja. Jumapili nilikuwa nawasikia mkiimba, nami na mkasi wangu, naimba kwa chini sauti yangu ya kwaya, ile ya tatu. Ilisikika vibaya sana, maana sauti ya tatu peke yake si wimbo.

Nikakata koti la kwanza, la mwalimu mmoja. Bega la kushoto likaporomoka, kitambaa kikajikunja chini ya kola. La pili, la karani, hivyohivyo. La tatu pia. Watu walicheka, na mimi niliamini Mungu ananiadhibu. Krismasi ikapita. Nikafuta maandishi ya mlangoni, nikafunga vipande vya baba ndani ya shuka, nikampelekea mama. Nilimwambia nimeshindwa, nitalishona lirudi kama zamani, anisamehe.

Mama akafungua shuka, akachukua kipande cha bega la kushoto, akakipapasa.

“Wuoda, mwanangu,” akasema, “baba yako alianguka akiezeka paa la nyumba hii, wewe hujazaliwa. Bega hili halikurudi mahali pake. Yule fundi wa Kisumu alimpima mara tatu ndipo akakata. Sasa wewe unawavalisha watu bega la baba yako?”

Nililia kama mtoto, nasema ukweli. Nilimwona baba tangu utotoni hadi anakufa na sikuwahi kuliona bega lile. Mtoto hampimi baba yake. Nilikuwa nimenakili kila kitu sawasawa, ila sikumpima hata mteja mmoja. Jioni ile mama alinipakulia ugali na samaki, tukala, naye akanieleza kila sehemu ambapo koti lilimbana mzee na ambapo halikumbana.

Koti lililokaa vizuri nililikata wakati wa kupanda mahindi.

Namshukuru mama, na yule mke wa Mhindi aliyenipa magazeti bila kuuliza ni ya nini. Jiwekeeni malengo, ndugu zangu. Lakini ukiamua kutoka katikati ya wenzako, jua kwamba utabaki peke yako kwa muda, na upweke huo si dhambi. Ninyi, kwa miezi saba, hamkuja. Sina kinyongo, mimi pia singekuja. Ila kuna mwenzetu hajakaa kwenye benchi ile ya nyuma kwa wiki tatu sasa, na tunasema anaringa. Nikitoka hapa naenda kwake. Sijui nitamwambia nini. Nitakaa naye tu.