Pauni Zisizo na Tundu

Ndani ya Landrova ya kwenda Lituhi, Mama Aurelia, mkulima wa kahawa wa Kigonsera, alimwinamia jirani yake wa kiti, Bi Kauthar, mke wa sonara. "Kitendawili, mwanangu."

"Tega, mama."

"Wanangu watatu wa manjano, hawali wala hawalii."

"Pauni za dhahabu!" alijibu Bi Kauthar, na siri ikawa ya gari zima.

Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waje na fedha taslimu, Aurelia alikuwa akinunua pauni moja ndogo, sarafu ya dhahabu, kila msimu. Zenye tundu la kupitishia mkufu alizikataa, maana enzi za Mwingereza senti zenye tundu ndizo zilikuwa duni. "Shemeji ananicheka, eti nimeacha nzuri. Nimepotea?"

"Akucheke nini! Za tundu zimevaliwa na maharusi mpaka zimelika, sonara anazishusha bei. Umepatia, mama, ingawa sababu yako sijapata kuisikia!"

Aurelia alishusha pumzi. "Basi nitoboe moja, niivae kanisani."

"Thubutu! Utaiharibu!"

"Sasa dhahabu ya kufungia sandukuni ina raha gani?"

Landrova ilipozima injini ufukweni Lituhi, Bi Kauthar alikuwa bado anakataza, naye Aurelia, mwepesi kama aliyetua gunia, bado anachagua ataivaa Pasaka au Krismasi.